Pepeta ya Jaruba la Chini

Kabla hujaona kitu, unasikia makopo.

Yanalia kwa mkupuo, kisha kimya. Yanalia tena upande wa pili wa bonde, na nyuma yake inafuata sauti ya mwanamke iliyoanza kukauka: "Hoooo! Hooo! Tokeni hapo! Tokeni!" Ukungu wa asubuhi umelala juu ya bonde la Mvuleni, kusini mwa Tongoni, na mpunga bado ni kivuli tu. Halafu jua linapanda nyuma ya mikoko, ukungu unachanika, na juu ya dungu la miti anaonekana mtu aliyejifunga kanga kichwani, ameshika kamba mbili, moja kila mkono.

Huyo ni Praxeda Laurenti, mkulima, mama wa watoto wawili. Kamba anazovuta zimepita juu ya majaruba yake manne, zimening'inizwa makopo ya nyanya, vifuniko vya sufuria na kengele moja ya baiskeli. Akivuta, kundi la kweleakwelea linaruka lote kwa pamoja, linazunguka mara moja, linatua palepale lilipotoka.

"Hawa wameshanizoea," anasema bila kuwaondolea macho. "Mwanzo waliogopa makopo. Sasa wananisubiri nichoke."

Leo hatakiwi kuchoka. Leo mtaalamu anakuja kupima.

Tangu masika, Praxeda ni mmoja wa wakulima wachache wa bonde hili waliokubali kujaribu mbegu mpya za mpunga chotara kwenye mashamba yao wenyewe. Huko kwenye kituo cha utafiti mbegu hizo zimekwisha kufanya vizuri. Lakini kituoni maji yanafunguliwa kwa bomba na ndege wana mlinzi wa mshahara. Zinatakiwa zije zionje tabu ya mkulima kabla hazijapelekwa madukani.

Jaruba la kwanza limepandwa mbegu iliyopewa herufi A. La pili ni B. La tatu ni Supa, mpunga wa siku zote unaonukia, ili uwepo wa kulinganishia. La nne, lililo chini kabisa na kubwa kuliko mengine, linapakana na hori, ule mkono wa bahari unaoingia kati ya mikoko. Humo imo C.

"Sijui hata jina lake," anasema Praxeda. "Wenyewe wanasema majina yanafichwa ili mtu asipendelee. Basi nimemlea huyo C kama mtoto wa kuokota."

Katikati ya kila jaruba kuna mraba uliozungushiwa kamba ya buluu na kufunikwa nyavu kuukuu za wavuvi. Mpunga wa nje ya kamba ni wa mkulima, avune apendavyo. Wa ndani ya kamba ni wa mizani. Hakuna mkono wa kuugusa mpaka mtaalamu afike.

Na hapo ndipo kazi ilipogeuka vita. Mbegu hizi hukomaa mapema. Bonde zima bado la kijani, mpunga wa majirani bado unanyonya maziwa, na wa Praxeda peke yake umepiga manjano. Kila ndege aliyeko kati ya Tongoni na Pangani ameona meza moja tu iliyoandaliwa, nayo ni yake.

Kwenye njia ya bondeni baiskeli inalia. Anapita Haji Badru, jirani ambaye shamba lake limegusana na la Praxeda, nyuma amepakia nazi.

"Mama Loveness!" anapaza sauti. "Harusi kubwa hii, umealika ndege wa mkoa mzima, sisi majirani hukutuambia!"

"Pita zako, Haji. Wako ukiiva nitawaelekeza kwako."

"Wakija kwangu watakuwa wameshiba, watakunywa maji tu waondoke." Anacheka, anashusha mguu mmoja chini. "Halafu nasikia mbegu yenyewe haiwekwi. Mwakani unakwenda kununua tena! Mpunga wa kuazima huo, mama."

"Hata mkeo ulimwazima kwao Pongwe. Mbona hujamrudisha?"

Haji anacheka mpaka nazi zinatikisika, anakanyaga pedeli, anapotelea kwenye migomba. Praxeda naye anacheka, lakini kicheko kinamfia mdomoni kabla baiskeli haijafika mbali. Haji amegusa penye kidonda. Mbegu chotara ukiivuna na kuipanda tena, haizai kama ilivyozaa. Kila msimu mkulima hununua upya. Nyumbani kwa Praxeda, juu ya jiko la kuni, kuna kibuyu cha mbegu ya Supa kinachokula moshi mwaka mzima ili wadudu wasikisogelee. Kibuyu hicho ndicho kilichompandia shamba misimu yote.

"Sikukitupa," anasema. "Kipo palepale. Mimi sijamkimbia Supa. Supa ndiye aliyenikimbia, pale chini."

Anaonyesha kwa kidevu jaruba la nne.

Mwaka juzi maji ya bamvua, bahari inapojaa kuliko siku zote, yalikuja na nguvu ambayo wazee wa Mvuleni hawakuwahi kuisimulia. Yalivunja tuta la upande wa hori, yakaingia jaruba la chini, yakalala humo. Mpunga ukasimama, ukachanua, ukatoa masuke meupe yaliyonyooka kama vidole. Ndani hamkuwa na kitu. Yote yalikuwa mapepe, maganda matupu. Mwaka uliofuata tuta lilijengwa upya, maji hayakuingia, lakini chumvi ilikuwa imeshakaa. Mapepe tena. Shamba lililokuwa likitoa magunia kumi na mawili likarudi kwenye matano, na Praxeda akashinda kiangazi chote akisuka makuti ya kuuza ili wanawe wale. Mumewe, Daniel, ni mlinzi mjini Tanga, na mshahara wake unaishia kwenye ada ya Loveness.

Kama shamba lingekuwa lake, angeomba Mungu na kusubiri. Si lake. Babu yake alishushwa na lori kutoka Songea kwenye shamba la mkonge, baba yake akakata mkonge, naye akazaliwa kambini. "Kwetu tulirithi panga na rozari," anasema. "Ardhi hapana."

Ardhi ni ya Bi Asmahani Jumbe, bibi wa Mvuleni ambaye ukoo wake ulilifyeka bonde hili zamani. Praxeda alikuja kwake akiwa msichana wa kibarua cha kupandikiza mpunga. Bibi akamwona anavyoshika mche, akamwambia akae. Hakumtoza kodi. Alimwekea sharti moja la mila: kila mwaka mpunga wa kwanza ukianza kukauka, amletee pepeta.

Kwa asiyejua, pepeta ni mpunga uliokatwa kabla haujakauka sawasawa, ukakaangwa chunguni, ukatwangwa ungali moto mpaka punje zikalala bapa, kisha ukapepetwa kwenye ungo. Huliwa kwa nazi na sukari. Mvuleni ni zaidi ya chakula. Hakuna anayeingiza kisu shambani kuvuna mpaka mwenye bonde ameshatafuna pepeta. Na pepeta ya mwenye bonde haikatwi pembeni. Mpunga wa pembeni ni wa ndege, wa mbuzi na wa wapita njia. Ya mwenye bonde hutoka kifuani mwa jaruba. Kumpelekea ya ukingoni ni kumwambia kwamba kwako yeye ni mpita njia.

Sasa mpwa wa Bi Asmahani, Mudathir, anataka shamba hilo liwe mashamba ya chumvi. Hasemi kwa ubaya. Ana vijana wa kazi, ana soko, na hoja yake inaeleweka na kila mtu. "Bahari imeshajichagulia, shangazi," alimwambia Bi Asmahani mbele ya Praxeda. "Tuivune hiyo chumvi yenyewe." Bibi aliwaza, akatoa uamuzi: msimu mmoja. Mbegu mpya ikizaa pale chini, shamba linabaki la mpunga. Isipozaa, Mudathir aingize majembe.

Kwa hiyo C si herufi. C ndiyo jibu. Uzito wa mpunga ulio ndani ya ule mraba wa buluu, kwenye jaruba la chini, ndio utakaosema kama Praxeda anabaki au anafungasha.

Haya ndiyo yanayomfanya avute kamba kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Lakini si haya tu. Kuna jingine, ambalo Haji halijui, na ambalo tangu juzi limemnyima hamu ya kula.

Juzi Praxeda alitakiwa apeleke pepeta.

Mpunga wake ndio wa kwanza kuiva bondeni. Zamu ilikuwa yake na haikwepeki. Alishuka na kikapu, akazunguka majaruba yote. A ilikuwa imeliwa. B imeliwa, na ya chini ya nyavu zao ilikuwa imeshakauka mno, haifai tena kwa pepeta. Supa ilikuwa bado mbichi. Kule chini, nje ya kamba, ndege walikuwa wamenyonya masuke mpaka yakasimama wima kwa wepesi. Mpunga mzima, uliojaa, ulioinamisha vichwa, ulikuwa mahali pamoja tu. Ulikuwa chini ya wavu wa C.

"Nilisimama pale nikasema, Praxeda, hapa hapaguswi," anasimulia, sauti ameishusha kana kwamba ndege wanasikiliza. "Nikageuka niondoke. Nikawaza, nampelekea nini yule mama? Mapepe? Huu mwaka anaoamua habari yangu, nimpelekee mabaki ya ndege? Nikarudi. Nikainua wavu."

Alikata kikapu kimoja. Alikata kwa kuchagua, suke hapa, suke pale, akidhani pengo halitaonekana. Usiku huohuo alikaanga na kutwanga, asubuhi akapeleka. Bi Asmahani alitafuna, akasema, "Haunukii kama wetu," akamaliza sahani yote.

Pikipiki inasikika. Praxeda anaachia kamba.

Anayeshuka ni Yudith, bibi shamba wa kata, ambaye ndiye anayesimamia jaribio hili bondeni. Amevaa buti za mpira, begani ana mizani ya kuning'iniza, mkononi mundu na mifuko.

"Shikamoo, mama Loveness."

"Marahaba, bibi shamba. Umekuja."

"Nimekuja. Mbona sura hiyo? Hukulala?"

"Ndege."

"Leo ndiyo mwisho wao." Yudith anakunja suruali. "Tunaanza juu, tunashuka."

Wanaanza na A. Wavu unafunuliwa, mpunga unakatwa, unapigwa juu ya turubai, unapepetwa, unaning'inizwa. Yudith anasoma mizani, anasema "Si haba." B inapimwa, nyusi zinapanda, anasema, "Huyu kajitahidi." Supa haijafikia, anapapasa punje, anasema atairudia. Kila jaruba likimalizwa Praxeda anachota maji mtungini na kunywa, ingawa jua bado halijakali. Anaongea sana. Anauliza habari za mama yake Yudith, habari za barabara, habari za mbolea. Kisha maneno yanamwishia, na wamesimama kwenye tuta la jaruba la chini.

Yudith anashika ncha ya wavu. Anauona mpunga, anatabasamu.

"Mama, hebu tazama! Kwenye chumvi hii? Huyu C huyu..."

Anafunua zaidi. Tabasamu linasimama. Anachuchumaa, anagusa shina lililokatwa. Anagusa jingine. Anainua uso.

"Nani ameingia humu?"

Ndege wametua kwenye A iliyobaki. Hakuna anayewafukuza.

"Mimi," anasema Praxeda.

"Wewe?"

"Nilikata pepeta. Ya Bi Asmahani."

"Mama Loveness!" Yudith anasimama, mundu umeanguka majini. "Ya nje ilikuwa wapi? Jaruba zima hili!"

"Imeliwa. Na ya pembeni haipelekwi kwa mwenye bonde, bibi shamba. Wewe umekulia Amani, huko milimani pengine hamna. Huku hiyo ni tusi."

"Basi ungenipigia simu!"

"Ungeniambia nisikate."

"Ndiyo, ningekuambia usikate!"

Wanatazamana. Praxeda ndiye wa kwanza kuinamisha macho. Anauliza kama Yudith hawezi kuvuta kamba pembeni kidogo, akafunga mraba mwingine pale palipobaki pazima. Yudith anatikisa kichwa polepole.

"Miraba ilipangwa siku ya kupanda, kabla mtu hajajua wapi patazaa. Nikihamisha kamba leo, nitakuwa nimechagua mimi penye mpunga mzuri. Nitakuwa nimedanganya, na mkulima wa Mkwaja atakayenunua mbegu hii kwa ajili ya uongo wangu atakuja kunililia mimi." Anaokota mundu, anaupangusa. "Na nikiupima huu uliobaki, utaonekana haukuzaa. Huo nao ni uongo. C ya shamba lako siiandiki. Nasema jaruba limeharibika."

"Kwa hiyo hakuna uzito."

"Hakuna uzito, mama."

Praxeda anakaa juu ya tuta, miguu matopeni. Halii. Anang'oa nyasi moja moja kwenye tuta, kama mtu aliyetumwa kulisafisha. Yudith anakusanya vitu vyake, anakaa naye kidogo, halafu anasema lililo jema na lisilotosha: kwamba ataomba wampe C tena masika yajayo, kama kituo kitakubali, na kama shamba litakuwepo.

"Kama shamba litakuwepo," anarudia Praxeda.

Kuna ambao wangekaa kimya. Bi Asmahani hasomi mizani, na Mudathir hakuwepo. Uongo mdogo ungetosha: mtaalamu kapima, C imezaa, shamba libaki. Praxeda anasema wazo hilo lilimjia njiani, likatembea naye hatua chache. "Lakini mtu aliyenipa ardhi bila karatasi, nimlipe kwa uongo? Mdomo wangu ungekataa wenyewe."

Adhuhuri imeshapita anapofika kwa Bi Asmahani. Bibi ametoka kuswali, amekaa barazani juu ya mkeka, kichwani ushungi mweupe. Mudathir yupo, anazungusha kamba ya kupimia mashamba kwenye kiwiko chake.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona matope mpaka magotini? Umetoka kupima au umetoka kupigana?"

"Vyote viwili." Praxeda hakai. "Bi Mkubwa, jaruba la chini halikupimwa. Nimeliharibu mimi. Nilikata ndani ya kamba, pasipotakiwa kukatwa. Ile pepeta niliyokuletea ilitoka humo."

Mudathir anaacha kuzungusha kamba. "Ndani ya mraba wa wataalamu?"

"Ndiyo, kaka."

"Basi dada yangu, umejimaliza mwenyewe. Mimi sikusukuma."

Bi Asmahani amenyanyua mkono, Mudathir ananyamaza. Bibi anamtazama Praxeda, midomo ikitikisika, haijulikani kama ni hasira au nini. Kisha anapasuka kicheko chembamba.

"Yaani mtihani wako nimeula mimi?"

"Umeula, Bi Mkubwa."

"Na nazi juu!"

"Na nazi juu."

Kicheko kinaisha. Bibi anajiweka sawa mkekani, na sauti yake inabadilika. "Hebu ngoja. Umesema ile pepeta ni ya jaruba lipi?"

"La chini."

"La chini, lililoingia chumvi?"

"Hilohilo."

"Mudathir," anasema Bi Asmahani, "ile sahani ulionja?"

"Nilionja, shangazi."

"Ulikuta pepe?"

Mudathir anakuna shingo. "Sikukuta. Lakini shangazi, pepeta si mizani. Sahani moja!"

"Mizani siijui. Meno ninayo manne na nayajua. Jaruba lile halijanipa punje iliyojaa tangu maji yaingie. Jana nimetafuna punje zilizojaa. Hazinukii, lakini zilijaa." Anamgeukia Praxeda, na sasa hakuna mzaha usoni. "Sikupi shamba. Nakupa msimu. Mmoja, Praxeda, na huu ndio wa mwisho kukuongezea. Na safari hii jaruba lipimwe, nisikie uzito kwa masikio yangu. Maneno ya tumbo langu Mudathir hatayakubali tena, na ana haki."

Mudathir anaiweka kamba kwenye msumari ukutani. Haipeleki ndani. Anaiacha pale, inapoonekana.

Praxeda anapiga goti barazani, matope yakidondoka kwenye sakafu aliyoifagia mwingine. Msimu mmoja. Mbegu hajui kama ataipata, bamvua hajui kama itakuja, na ndege, hao anajua kwamba watarudi. Jambo moja tu liko mikononi mwake, na ni gumu kulitamka mbele ya mwanamke huyu kuliko mbele ya mtu mwingine yeyote.

"Bi Mkubwa," anasema, "mwakani, ukinijalia kupanda, nitakuletea pepeta ya ukingoni."

Mudathir anamtazama shangazi yake.

"Itakuwa imedonolewa na ndege, na itakuwa na mapepe. Nitaipepeta mara tatu, lakini itakuwa ya ukingoni, na utaila ukijua. Ya katikati sitaigusa hata ukinijia ndotoni unaidai. Nakuahidi mbele ya mpwa wako."

Bi Asmahani anaufuata kwa macho mstari wa matope aliouacha Praxeda kutoka uwanjani mpaka mkekani.

"Nazi iwe nyingi," anasema.

"Nitaikuna mwenyewe, Bi Mkubwa. Naahidi."